Kiwavi wa Gede: adui kwenye mche, mali chandaruani

Vipepeo wa pwani ya Kenya na wa milima ya Usambara wameingiza fedha vijijini na kuupatia msitu marafiki wapya. Lakini kila kipepeo huanza maisha kwa kula jani la mtu, na ugomvi huanzia hapo.

Juu ya jani changa la mndimu kuna kinyesi cha ndege. Ni kidogo, cheusi, kina baka jeupe katikati na kinang'aa kana kwamba kimedondoka sasa hivi. Mche wenyewe umepandwa kwenye kopo la rangi lililotobolewa chini, kando ya ukuta wa nyumba moja kati ya nyingi zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Gede, kaunti ya Kilifi. Ukikigusa kinyesi hicho kwa kijiti, kinainua kichwa. Nyuma ya kichwa inachomoza pembe laini ya rangi ya chungwa, yenye panda mbili, na harufu kali ya kitu kilichochacha inakupiga puani.

Ni kiwavi. Akifikia utu uzima atakuwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, yule ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus, na ambaye mtu yeyote aliyekulia kati ya Lamu na Mtwara ameshamwona akizungukazunguka malimau. Kujifanya kinyesi ndiyo kinga yake ya utotoni, kwa kuwa ndege hana haja ya kudonoa uchafu. Akikua kidogo atabadili vazi na kuwa kijani kama jani analolila. Ile pembe yenye harufu atabaki nayo, silaha yake ya mwisho.

Mama yake alipita hapa siku chache zilizopita. Alitua, akaligongagonga jani kwa miguu ya mbele, maana kipepeo huonja kwa nyayo. Alipojiridhisha kwamba huu ni mndimu kweli, alibandika yai moja la mviringo, dogo kama kichwa cha pini, akaenda kutafuta jani jingine. Hatarudi kumwangalia mwanawe.

Kinachompata kiwavi huyo baada ya hapo kinategemea ameangukia nyumba gani. Katika nyumba hii atapondwa kwa kidole gumba au kupuliziwa dawa, kwa sababu mche mdogo ukimalizwa majani haufiki mbali, na mwenye mche alitaka ndimu. Katika nyumba ya jirani atatiwa chandaruani, alishwe, asafishiwe, alindwe dhidi ya sisimizi, na baada ya wiki chache asafiri kwa ndege kwenda Ulaya.

> Kiwavi yuleyule: nyumba hii ni hasara, nyumba ya pili ni mshahara.

Msitu usiokuwa na marafiki

Arabuko-Sokoke ndicho kipande kikubwa zaidi kilichosalia cha msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Una ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 420, kati ya Kilifi na Malindi. Humo anaishi bundi mdogo wa Sokoke, ambaye mtu mzima angeweza kumficha ndani ya viganja viwili, na sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu anayekimbia juu ya majani makavu kama mtu aliyechelewa safari. Vipepeo wa msitu huu ni aina zipatazo 260. Kenya nzima ina aina karibu 900.

Hazina hiyo haikuwa na maana kubwa kwa jirani wa msitu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tembo walitoka usiku wakamaliza mahindi. Kuni, magogo na nyama vilikuwamo humo, ila mwenye kuvichukua alikuwa mhalifu. Ardhi ya kulima ilikuwa haba, na madai ya kutaka sehemu ya msitu ifyekwe, watu wagawiwe mashamba, yalisikika waziwazi. Mtu aliyelala macho akigonga debe kufukuza tembo alikuwa na kila sababu ya kuuliza msitu huu unamlinda nani.

Mwaka 1993 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakaanzisha mradi uliopewa jina la Kipepeo, mwanabaiolojia Ian Gordon akiwa miongoni mwa waasisi wake. Ofisi na bustani yake viko pale pale kwenye magofu ya Gede, mji wa Waswahili ulioachwa ukiwa katika karne ya 17, mahali ambapo mizizi ya miti imekumbatia kuta za misikiti.

Hesabu yao ilikuwa hivi. Tangu miaka ya 1980, Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, kisha Marekani, zilikuwa zimejaa maonyesho ya vipepeo hai: mabanda ya vioo yenye joto la kutengenezwa, ambamo familia hulipa kiingilio ili zitembee kati ya mabawa ya kitropiki huku nje theluji inaanguka. Kipepeo mzima wa aina nyingi huishi wiki mbili au tatu tu. Kwa hiyo banda haliwezi kununua mara moja likatulia. Linahitaji pupa wapya mwaka mzima. Gede ilikuwa na msitu wenye vipepeo wazazi, joto la bure, na watu waliohitaji kipato.

Kazi ya chandarua

Anayedhani ufugaji wa vipepeo ni mchezo wa watoto akae siku moja na mfugaji. Kwanza anapatikana jike. Wengine hunaswa kwa wavu juu ya maua. Wengine, kama jamii ya Charaxes wenye mabawa mazito na mwendo wa risasi, hawana habari na maua kabisa: wao hufuata tunda lililovunda, utomvu wa miti na hata kinyesi. Hao hutegewa ndizi zilizochacha chini ya mfuko mrefu wa chandarua. Kipepeo huingia kwa chini, hula akashiba, kisha huruka kwenda juu kama ilivyo kawaida yake, na huko juu hakuna mlango.

Jike huwekwa kizimbani pamoja na mmea ambao watoto wake wanaula. Msamiati wote wa kazi hii umo hapo, kwenye neno mmea. Kiwavi wa ndimu hafi njaa karibu na mwembe kwa kiburi. Wala hafi kwa kutouona. Anakufa kwa sababu mwili wake umeundwa kula majani ya ukoo wa ndimu, na jani la mwembe kwake si chakula. Kila aina ina mmea wake au ukoo wake mdogo wa mimea. Kwa hiyo mfugaji hujifunza vichaka vya msituni kwa majina, huchukua mbegu na vipandikizi, na kuviotesha uani kwake. Baada ya miaka michache nyumba yake huzungukwa na msitu mdogo alioupanda kwa mikono yake.

Kisha ndiyo kazi ya kila siku. Kiwavi hula usiku na mchana, na anachokula hutoka. Pasiposafishwa, ugonjwa huingia na kibanda kizima huweza kufa kwa siku chache. Sisimizi wakipata njia, hawaachi yai. Kuna nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya mwili wa kiwavi, watoto wao wakamla kuanzia ndani akiwa bado anatembea. Porini, kati ya mayai yote ya jike mmoja, wanaofika kuwa vipepeo ni wachache mno. Chandarua hugeuza hesabu hiyo, na faida ya mfugaji inatoka katika tofauti hiyo.

Siku moja kiwavi wa ndimu huacha kula. Huzunguka kwa wasiwasi, huchagua kijiti, hujifunga mshipi wa hariri kiunoni, halafu huvua ngozi yake ya mwisho. Kinachobaki ni pupa, kitu kama kipande cha ukuni au jani lililojikunja. Sasa saa imeanza kuhesabu. Pupa hupelekwa kituoni, hukaguliwa, hupangwa kwenye masanduku juu ya pamba na kupakiwa kwenye ndege. Akitoka akiwa safarini amekufa, na hakuna malipo. Biashara nzima imebanwa ndani ya siku chache kati ya ngozi kuvuliwa na mabawa kufunguka.

> Mfugaji huuza siku zile chache ambazo kipepeo hana mdomo wala mabawa.

Tathmini ya mradi iliyochapishwa mwaka 2003 ilionyesha kwamba kipato cha wafugaji kilipanda na mtazamo wao kuhusu msitu ulibadilika kuwa mzuri. Ufuatiliaji wa vipepeo msituni haukuonyesha kwamba ufugaji umewapunguza. Sababu inaeleweka. Chandarua hakiwezi kujitegemea: wazazi wakizaliana wenyewe kwa wenyewe kizazi baada ya kizazi hudhoofika, hivyo lazima damu mpya itoke msituni. Msitu ukikatwa leo, chandarua kinakufa muda si mrefu. Mfugaji hahitaji semina ya kumweleza hilo.

Haimaanishi kwamba vipepeo wamemaliza umaskini wa Kilifi. Wafugaji ni sehemu ndogo ya watu wanaouzunguka msitu, soko la maonyesho lina kikomo, na Gede inashindana na wafugaji wa Kosta Rika na Ufilipino waliotangulia kuingia sokoni. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga maonyesho na kusimamisha ndege duniani, kila aliyeishi kwa pupa alionja hatari ya kuwa na mteja wa aina moja tu, tena wa mbali. Tanuri la mkaa halina msimu wala kibali cha mteja wa London, na bado linavuta watu msituni.

Mabawa yanayopiga makofi

Ni vyema kusimama kidogo mbele ya pupa anayefunguka, maana wengi wetu tumeona kipepeo mara elfu bila kuona saa yake ya kwanza.

Ganda hupasuka asubuhi. Anatoka mdudu mwenye tumbo nene na vitambaa vinne vilivyonyauka mgongoni. Hana haja ya kuruka. Anatafuta mahali pa kuning'inia. Akishapata, husukuma maji ya mwili wake kwenye mishipa ya vile vitambaa, navyo hunyooka taratibu kama hema linalosimamishwa. Hudondosha matone mekundu au ya kahawia, uchafu wote wa siku zake za pupa. Mrija wake wa kunyonyea umetoka ukiwa nusu mbili, naye huzikunjakunja na kuzikunjua mpaka zishikane kuwa mrija mmoja. Asiposhikanisha nusu hizo mapema, atakufa njaa juu ya ua lililojaa mbochi.

Halafu hungoja jua. Damu ya kipepeo haina joto lake mwenyewe, na misuli ya mabawa haifanyi kazi sawasawa mpaka ipate joto. Ndiyo maana saa moja asubuhi unawakuta wametandaza mabawa juu ya jiwe au jani lililo juani, na ndiyo maana bustani yenye kivuli mchana kutwa haiwapati hata ikijaa maua.

Kwa muda mrefu watafiti walishangaa jinsi mdudu mwenye mabawa mapana kiasi hicho, na mwili mdogo hivyo, anavyoweza kuondoka ghafla. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walionyesha jibu. Kipepeo anapopandisha mabawa, hayapigani bapa kama vibao viwili. Hujipinda yakafanya umbo la kikombe, yakakumbatia hewa, kisha yakaitoa kwa nyuma kwa nguvu. Walitengeneza mabawa ya mfano, magumu na laini, wakayalinganisha: yale laini yalitoa msukumo zaidi kwa asilimia 22 na kutumia nguvu vizuri zaidi kwa asilimia 28. Kwa maneno mengine, kipepeo hupiga makofi, na kila kofi linamsukuma mbele.

Mwendo wa kuyumba nao una maana yake. Ndege hawezi kulenga kitu ambacho hakijui chenyewe kinaelekea wapi. Kuna anayeruka polepole bila hofu, rangi ya chungwa na ncha nyeusi: Danaus chrysippus, ambaye kiwavi wake hula magugu yenye utomvu mweupe na kuhifadhi sumu yake mwilini. Ndege aliyemwonja mara moja hamsahau. Jike wa aina nyingine kabisa, Hypolimnas misippus, asiye na sumu, amevaa sare ileile na anaruka kwa madaha yaleyale. Wote wawili huonekana kwenye bustani za Dar es Salaam na Mombasa, mara nyingine juu ya kichaka kimoja.

Anayewashinda wote kwa uigaji ni Papilio dardanus wa misitu yetu, kipepeo ambaye Gede wanamfuga. Dume ni wa manjano mwenye mkia. Majike wana sura nyingi tofauti, kila moja ikiiga kipepeo mwingine mwenye ladha mbaya, kiasi kwamba wataalamu wa Ulaya waliwahi kuwaandika kama aina tofauti. Roland Trimen, akifanya kazi Afrika Kusini, ndiye aliyeeleza mwaka 1869 kwamba wote hao ni wake wa dume mmoja.

Na wapo wasafiri. Vanessa cardui, yule wa rangi ya machungwa mwenye ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe, huvuka Sahara kwenda Ulaya na kurudi kizazi kwa kizazi. Mwaka 2013 baadhi walikutwa ufukweni huko Guyana ya Kifaransa, Amerika Kusini. Utafiti uliotolewa 2024 ulihitimisha kwamba walikuwa wametoka Afrika Magharibi, wakabebwa na upepo juu ya Atlantiki kwa kilometa zisizopungua 4,200.

Muheza: mlango ulipofungwa

Kusini mwa mpaka, kwenye milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, mkoani Tanga, wazo la Gede lilipata ndugu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la uhifadhi wa misitu la TFCG liliwasaidia wanavijiji wa jirani na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani kufuga vipepeo wa milimani. Sehemu ya mapato ilikwenda kwa mfugaji, sehemu kwenye mfuko wa maendeleo ya kijiji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba wafugaji wa Amani walikuwa wakishiriki kazi za uhifadhi kuliko majirani wasiofuga, na kwamba waliuona wazi uhusiano kati ya fedha zao na msitu kusimama.

Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi kwa miaka mitatu. Vipepeo hawakuachwa nje ya zuio hilo. Vyandarua vya Amani vikabaki na viwavi wasio na mnunuzi.

Serikali ilikuwa na jeraha lake, na si haki kulipuuza. Novemba 2010 zaidi ya wanyama hai 100, wakiwamo twiga, walipakiwa kwenye ndege katika Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro na kupelekwa Qatar kinyume cha sheria. Taifa lilishtuka. Biashara ya vinyonga, kobe, nyani na ndege ilikuwa na mianya mingi, na ofisa aliyepo uwanjani alikuwa na kazi ngumu ya kutambua kilichofugwa na kilichokamatwa porini jana yake. Kufunga mlango mzima kulionekana kuwa njia ya haraka ya kuziba mianya yote.

Wafugaji nao wana hoja isiyojibika kwa urahisi. Twiga akiondoka, porini amepungua mmoja. Pupa ametoka kwenye yai lililotagwa chandaruani, kwenye mmea uliopandwa, na asingekuwapo kabisa kama si mfugaji. Jike mmoja anayetoka msituni anazaa makumi ya watoto, na idadi yao huweza kuhesabiwa kibanda kwa kibanda. Kuwaweka twiga na pupa katika sentensi moja ya sheria ni kuwaadhibu watu waliofanya kile ambacho taifa liliwaomba wafanye: kuishi na msitu bila kuukata.

Miaka mitatu ilipita na mlango haukufunguka. Juni 2022 Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, ilitangaza kwamba wafanyabiashara waliobaki na wanyama mikononi wangeruhusiwa kuwasafirisha kwa miezi sita. Kelele zikapigwa, na tangazo hilo likasimamishwa na wizara mara moja. Katika mjadala wote ule, uliojaa hofu ya simba na twiga, mkulima wa milimani mwenye kibanda cha viwavi alisikika kwa shida.

> Twiga akiondoka, porini amepungua mmoja. Pupa asingekuwapo kama si mfugaji.

Zanzibar imepita njia ya tatu. Kijijini Pete, hatua chache kutoka msitu wa Jozani wenye kima punju, kuna kituo cha vipepeo kilichofunguliwa mwaka 2008. Ni bustani iliyofunikwa kwa wavu, pupa hununuliwa kutoka kwa wanakijiji wanaofuga, na anayesafiri ni mtalii. Kipepeo habebwi na ndege, hahitaji kibali cha forodha, na akifa amefia kisiwani kwao. Njia hiyo ina udhaifu wake: watalii wasipokuja, chandarua hakina mteja.

Kuna jambo jingine linalopasa kuwekwa mezani. Nchi zinazolipa ili kuona vipepeo wetu zimepoteza wa kwao. Uingereza, inayowahesabu kwa utaratibu tangu 1976, imeona aina nyingi zikipungua idadi au maeneo. Nchini Marekani utafiti uliotoka 2025 ulionyesha kwamba idadi ya vipepeo ilishuka kwa asilimia 22 kati ya 2000 na 2020. Makazi kuharibiwa, dawa za wadudu na mabadiliko ya hali ya hewa vinatajwa kuwa chanzo. Sababu hizo tatu zote tunazo.

Bustani isiyotaka kuliwa

Tembea mitaa yenye bustani za kupendeza, Nyali ya Mombasa au Masaki ya Dar es Salaam. Nyasi zimenyolewa kama zulia, michikichi ya mapambo imesimama kwa mstari, bugenvilia imemwagika ukutani. Mwenye nyumba anaulizia kwenye kitalu apande ua gani ili apate vipepeo. Swali hilo ni nusu tu.

Ua humlisha mgeni. Kipepeo atapita, atanyonya mbochi, ataondoka. Ili azaliwe hapo lazima pawe na jani la watoto, na lazima jani hilo liliwe. Ndimu na limau kwa Papilio demodocus. Mstafeli na mtopetope kwa vipepeo wa jamii ya Graphium wenye madirisha ya kijani au meupe mabawani. Miti ya ukoo wa mjohoro kwa yule mweupe-manjano, Catopsilia florella, anayepita kwa makundi baada ya mvua kana kwamba wote wana miadi mahali pamoja. Vigugu vya kando ya kibaraza, ambavyo mtunza bustani huving'oa kila Jumamosi, ndivyo kitanda cha watoto wa vipepeo wengi wadogo. Hata tope lina kazi: madume hukusanyika kwenye ardhi yenye unyevu kunyonya chumvi, na bomba linalovuja kidogo uani huweza kuwavuta kuliko ua la bei ghali.

Kwa maua yenyewe, tunayo mali ambayo hatuijui thamani. Pentas, yenye vishada vya nyota ndogo nyekundu, nyeupe au waridi, ni mmea wa asili ya Afrika Mashariki. Leo unapandwa kwenye bustani za vipepeo za Florida na kwingineko, ilhali vitalu vingi vya mijini kwetu vinajivunia maua ya mabara mengine. Lantana ni kinyume chake. Imetoka Amerika, vipepeo huipenda mno, na mtu anaweza kudhani ni rafiki. Lakini imevamia mashamba na kingo za misitu, ikazima vichaka vya asili ambavyo viwavi wanavihitaji. Inamnywesha mama na kuwanyima wanawe chakula.

Adui mkubwa wa bustani ya vipepeo, hata hivyo, anakaa kwenye pampu ya mgongoni. Tangu kiwavijeshi vamizi alipofika katika mashamba ya mahindi ya Kenya na Tanzania karibu mwaka 2017, neno kiwavi limekuwa neno la vita. Mkulima aliyeona shamba lake likigeuka vijiti halaumiwi. Kiwavijeshi ni mtoto wa nondo, anakuja kwa maelfu, na mahindi ndiyo ugali wa watoto. Wala vipepeo wenyewe si malaika: kiwavi wa Acraea acerata huharibu viazi vitamu Uganda, Rwanda na Burundi, na mwenye shamba la viazi anajua hasara yake kwa magunia. Tatizo ni dawa kuhama kutoka shambani kuja uani, ikapuliziwa waridi, pentas na mndimu kwa tabia tu, bila mtu kuinama kuangalia nani yuko juu ya jani. Dawa hiyo haiulizi jina. Inaua kiwavi wa kipepeo, nyigu ambaye angewala viwavijeshi, na nyuki aliyekuja kwa maua.

Na mndimu wa kwenye kopo la rangi? Hapo kuna jibu moja ambalo halihitaji dawa wala sheria mpya. Mche wa majani kumi hauwezi kulea viwavi watatu, utakufa. Mti mzima wa mlimau, ule wa nyuma ya jiko uliozeeka na kuota miiba, hata hausikii wakipita. Kwa hiyo mtu hukata jani alilokalia kiwavi, bila kumgusa mwenyewe, akalipeleka nyuma ya jiko na kulichomeka kati ya majani ya mti mkubwa. Kiwavi hutoa pembe yake ya chungwa kwa hasira, hutulia, kisha huanza kula pembeni mwa jani jipya. Harufu ile ya kuchacha hubaki vidoleni mpaka jioni.